Vita vya Angani: Sinema Mbele ya Mizani ya Fizikia

Wanafunzi wawili wa kidato cha nne walitoka kutazama sinema ya vita vya angani wakiwa wanabishana vikali. Wa kwanza alishikilia kwamba yote waliyoyaona ni uongo mtupu, na kwamba mtu mwenye akili hapaswi kupoteza muda wake kwa mambo hayo. Wa pili alimjibu kwamba hata safari ya kwenda mwezini ilikuwa hadithi tu hadi Julai 1969, na kwamba anayecheka ndoto za leo atafedheheka kesho. Walipompelekea mwalimu wao wa fizikia shauri hilo, aliwaambia kwamba hawezi kutoa hukumu kabla ya kupiga hesabu.

Makala haya yanakusudia kuifanya kazi hiyo. Tutazichukua silaha na mbinu za kivita zinazopatikana katika hadithi za kubuni za kisayansi, na tutazipima moja baada ya nyingine kwa kanuni ambazo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa. Msomaji anaombwa awe na kalamu na karatasi karibu.

Kwanza tujue picha hizi zimetoka wapi. Mwongoza sinema George Lucas alipokuwa akitayarisha Star Wars, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1977, alikusanya vipande vya filamu za mapigano ya ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akavitumia kuwaelekeza mafundi wake jinsi vyombo vitakavyokwenda. Basi tunapoona vyombo vya angani vikiinama upande mmoja na kukata kona kwa ghafula, kwa hakika tunaangalia ndege za miaka ya 1940 zilizovikwa nguo nyingine. Ndege hizo zilipigana ndani ya hewa, na jambo hilo dogo ndilo linalobadilisha kila kitu.

Sauti na mlipuko

Sauti ni mtikisiko unaopita ndani ya mada. Katika hewa husafiri kwa kasi ya karibu meta 340 kwa sekunde. Ndani ya maji huenda kasi zaidi. Pasipo na mada ya kutikisika, hapana sauti. Walimu wengi wamelionyesha jambo hili kwa kuiweka kengele ya umeme ndani ya chupa ya kioo na kuiondoa hewa kwa pampu: nyundo ya kengele huonekana ikigonga, lakini mlio hufifia mpaka hausikiki. Anga za juu ni chupa hiyo iliyopanuliwa pasipo mpaka. Katika sinema ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, Stanley Kubrick aliiheshimu kanuni hii, akaviacha vyombo vyake vipite kimya.

Kosa la sauti ni dogo, na tunaweza kuwasamehe watengenezaji wa filamu wanaotaka kuwasisimua watazamaji. Lakini lina ndugu yake aliye mkubwa zaidi. Bomu linapolipuka hapa duniani, sehemu kubwa ya madhara yake huletwa na wimbi la hewa iliyosukumwa kwa nguvu. Katika ombwe wimbi hilo halipo. Hubaki gesi ya baruti yenyewe, ambayo hudhoofika upesi inapotawanyika, pamoja na joto, mnururisho na vipande vya chuma. Tukumbuke vipande hivyo, maana tutavirudia.

Kugeuka pasipo hewa

Ndege hugeuka kwa sababu bawa lake huisukuma hewa, nayo hewa hulisukuma bawa. Katika ombwe bawa ni mzigo usio na kazi. Chombo kinachotaka kubadili njia hakina budi kurusha gesi upande mmoja ili chenyewe kisukumwe upande mwingine, kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton.

Chombo kilicho katika mzunguko wa chini kuizunguka dunia huenda karibu kilometa 8 kwa sekunde. Tuseme rubani wake anataka kukigeuza kwa kufuata duara lenye nusu kipenyo cha kilometa 1, kama afanyavyo shujaa wa sinema. Mchapuko wa kuelekea kitovu ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa nusu kipenyo:

8,000 × 8,000 ÷ 1,000 = 64,000

Yaani meta 64,000 kwa sekunde kwa sekunde, ambao ni kama mara 6,500 ya mchapuko wa uvutano wa dunia. Rubani mwenye kilo 60 angekandamizwa kitini kana kwamba ana uzito wa tani 390. Marubani wa ndege za kivita waliofunzwa, wakiwa wamevaa mavazi maalumu, hustahimili karibu mara 9 tu, na kwa muda mfupi. Shujaa wetu angekufa kabla hajamaliza kona yake ya kwanza.

Ikiwa rubani ana subira, anaweza kugeuka polepole. Hapo anakutana na adui mwingine, nayo ni hesabu ya mafuta. Mwalimu wa Kirusi Konstantin Tsiolkovsky alionyesha mwaka 1903 kwamba kila roketi inapotaka badiliko kubwa zaidi la kasi, uzito wa mafuta huongezeka kwa kuzidishwa, si kwa kujumlishwa. Tuchukue roketi inayotoa gesi kwa kasi ya kilometa 4 kwa sekunde, ambayo ni roketi nzuri ya kikemikali. Ili chombo kiufute mwendo wake wa kilometa 8 kwa sekunde, lazima kianze na tani 7.4 kwa kila tani moja itakayobaki. Kikitaka kusimama kisha kurudi kilikotoka kwa kasi ileile, lazima kianze na karibu tani 55 kwa kila tani moja itakayobaki. Kona moja ya sinema ingehitaji ghala zima la mafuta.

Kumfukuza adui aliye mbele

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba, katika mzunguko wa dunia, anayeongeza mwendo ili amkamate aliye mbele yake huachwa nyuma. Hili si fumbo la vitabuni tu. Mwezi Juni 1965, mwanaanga wa Kimarekani James McDivitt, akiwa katika chombo cha Gemini 4, alijaribu kukikaribia kipande cha roketi kilichokuwa kimewapandisha. Alikielekeza chombo chake upande wa shabaha, akasukuma. Lakini shabaha ilizidi kumtoroka, na mafuta yakapungua hata jaribio likaachwa.

Sababu yake ni hii. Chombo kinachoongeza kasi huinuka na kuingia katika mzunguko mpana zaidi, ambao huchukua muda mrefu zaidi kuumaliza. Kinachopunguza kasi hushuka katika mzunguko mfupi, na kwa hiyo huwahi. Anayetaka kumfikia aliye mbele hana budi kwanza apunguze mwendo, ashuke, ampite kwa chini, kisha apande tena. Wanaanga walipolielewa somo hili walifaulu: tarehe 15 Desemba 1965 Gemini 6A na Gemini 7 zilikaribiana hadi kiasi cha sentimeta 30. Ilichukua saa kadhaa za hesabu na misukumo midogo. Basi mkimbizano wa kweli wa angani ungefanana zaidi na mchezo wa bao kuliko na mbio za farasi: mwenye kuhesabu mbali ndiye angeshinda.

Mzinga uliofyatuliwa kweli

Wengi hawajui kwamba mzinga umekwisha kufyatuliwa katika anga za juu. Mwaka 1974 Muungano wa Kisovieti ulirusha kituo cha Salyut 3, ambacho kwa siri kilikuwa kituo cha kijeshi chenye uzito wa tani zipatazo 18.5. Ndani yake ulifungwa mzinga wa aina iliyotumiwa katika ndege za vita. Mzinga huo haukuweza kuzungushwa peke yake. Kituo kizima kilipaswa kugeuzwa ili kulenga. Mwezi Januari 1975, baada ya wanaanga kuondoka, ulifyatuliwa kwa amri iliyotumwa kutoka ardhini.

Mwanafunzi aliyewahi kuona bunduki ikimpiga bega mfyatuaji atauliza: je, kituo hakikurudi nyuma? Tupige hesabu ya mfano. Risasi ya kilo 0.2 ikitoka kwa meta 700 kwa sekunde, zao la tungamo na kasi yake ni 140. Tukigawanya kwa kilo 18,500 tunapata kwamba kila risasi ingekisukuma kituo kwa karibu milimeta 8 kwa sekunde. Si kitu kikubwa. Lakini risasi 100 zingebadili kasi yake kwa robo tatu ya meta kwa sekunde, na zaidi ya hayo zingeweza kukizungusha kama pia iwapo mzinga haukupita katika kitovu cha uzito. Kwa hiyo mzinga wa angani unawezekana, ila kila anayeutumia lazima awashe roketi zake ili abaki mahali pake.

Mwali wa leza

Mwaka 1898 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells aliwapa wavamizi wa hadithi yake silaha ya mwali wa joto usioonekana. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California. Hapa mwandishi alimtangulia mwanasayansi kwa miaka 62, na yule mwanafunzi wa pili ana haki ya kutabasamu.

Lakini leza ya sinema, inayopita kama mshale wa rangi na kukwepwa na shujaa, haiwezi kuwako. Sisi huona mwali kutoka ubavuni kwa sababu tu vumbi au ukungu huutawanya mwanga na kuuleta machoni petu. Katika ombwe mwali haungeonekana hata kidogo, na kwa kuwa huenda kwa kasi ya mwanga, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde, habari ya kuja kwake ingefika pamoja nao.

Je, leza yaweza kupiga kutoka umbali wowote? La. Mwanga ni wimbi, na kila wimbi linalotoka katika tundu hupanuka. Tuchukue leza yenye nguvu ya megawati 1, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 1, inayoelekezwa na kioo chenye kipenyo cha meta 1. Kwa umbali wa kilometa 1,000 doa lake lingekuwa na kipenyo cha meta 2.4 hivi, na ukali wake ungekuwa kama mara 150 ya ule wa jua. Ungetosha kupofusha kamera na kuunguza paneli za umeme. Kwa umbali wa mwezi, kilometa 384,000, doa hilohilo lingetanda karibu kilometa moja, na ukali wake ungekuwa kama sehemu moja kwa elfu ya mwanga wa jua. Adui angeweza kuanika nguo zake pasipo wasiwasi.

Tena, mwanga unaotuonyesha shabaha iliyo mbali kama mwezi umechelewa kwa sekunde 1.28, na mwali wetu utachelewa kiasi hichohicho kwenda. Katika sekunde hizo 2.56 chombo chenye mchapuko wa meta 10 kwa sekunde kwa sekunde huweza kuhama zaidi ya meta 30. Kwa hiyo kukwepa kunawezekana, ila ni kukwepa kwa kubahatisha, kwa kuyumbayumba wakati wote kabla ya kupigwa.

Joto, adui aliye ndani

Hadithi nyingi hulisahau joto. Leza inayotumia wati 4 za umeme ili itoe wati 1 ya mwali huacha wati 3 ndani ya chombo. Leza yetu ya megawati 1 ingeacha megawati 3 za joto. Gari huondoa joto lake kwa rejeta inayopulizwa na hewa. Angani hapana upepo. Joto huweza kutoka kwa njia moja tu, nayo ni mnururisho. Bati lenye halijoto ya nyuzi 127 za Selsiasi hutoa wati 1,450 hivi kwa kila meta ya mraba. Kwa hiyo leza hiyo ingehitaji eneo la meta za mraba 2,000 na zaidi za kutolea joto, ambalo ni zaidi ya robo ya uwanja wa mpira.

Hivyo manowari ya kweli ya angani isingefanana na upanga uliochongoka. Ingefanana na jahazi lililotweka matanga makubwa, na adui mwerevu angepiga matanga kwanza. Wala isingeweza kujificha: mahali ambapo halijoto ya nyuma yake ni karibu nyuzi 270 chini ya sifuri, chombo chenye watu na mitambo kingeng'aa kwa joto lake kama taa katika giza.

Uongo ulio mkubwa kuliko wote

Mpaka hapa tumesahihisha makosa ambayo hayamdhuru mtu. Lipo moja lenye hatari. Katika sinema, chombo cha adui kinapolipuka, mwanga hujaa, vipande hutawanyika, kisha anga huwa safi kama kwamba hapakutokea kitu. Kanuni ya kwanza ya Newton inasema vingine: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake isipokuwa kani fulani ikizuie. Palipo na hewa chache mno, kipande cha chombo kilichovunjika huendelea kuzunguka dunia kwa miaka mingi.

Na kipande kidogo si kitu cha kudharau. Nati ya gramu 10 inayogonga kwa kasi ya kilometa 10 kwa sekunde ina nishati ya mwendo ya jouli 500,000. Ni nishati ileile ya gari la tani moja linalokwenda kilometa 114 kwa saa.

Mambo haya yamekwisha kutokea. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatoni 1.4, kilometa 400 juu ya Bahari ya Pasifiki, katika jaribio lililoitwa Starfish Prime. Taa za barabarani zilizimika mjini Honolulu, mbali kilometa 1,400 na zaidi. Mnururisho uliobaki uliharibu setilaiti kadhaa, ikiwemo Ariel 1 ya Uingereza, nchi rafiki. Silaha haikubagua.

Tarehe 13 Septemba 1985 ndege ya kivita ya Marekani ilirusha kombora lililoivunja setilaiti ya Solwind, iliyokuwa bado inalichunguza jua. Tarehe 11 Januari 2007 China iliipiga setilaiti yake ya zamani ya hali ya hewa, Fengyun-1C, kwa kimo cha kilometa 865. Zaidi ya vipande 3,000 vikubwa vya kutosha kufuatiliwa kutoka ardhini vilizaliwa, na vingi vitabaki huko kwa makumi ya miaka. India ilifanya jaribio la namna hiyo tarehe 27 Machi 2019, kwa kimo cha chini zaidi. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi iliivunja setilaiti yake Kosmos 1408. Vipande zaidi ya 1,500 vilitawanyika, na watu saba waliokuwa katika Kituo cha Anga cha Kimataifa walilazimika kukimbilia ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Wawili kati ya hao saba walikuwa Warusi.

Katika kila tukio hakukuwa na vita. Yalikuwa majaribio tu, na setilaiti moja moja. Msomaji na afikirie vita vyenyewe, vyenye shabaha mia.

Hapa ndipo jambo linapotuhusu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Mwezi Aprili 2023 Kenya ilipata Taifa-1, setilaiti ndogo ya kupiga picha za ardhi, iliyowekwa katika mzunguko wa chini uleule unaovuka mabaki ya majaribio hayo. Nchi zetu hazina kombora lolote la angani, lakini nati ya gramu 10 haiulizi bendera. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 ulikataza kuweka silaha za nyuklia katika mzunguko wa dunia, lakini haukukataza makombora ya kawaida. Mwezi Desemba 2022 nchi 155 katika Umoja wa Mataifa ziliunga mkono azimio la kutaka majaribio ya makombora ya kuvunja setilaiti yakomeshwe. Azimio si sheria, ila ni mwanzo.

Hukumu ya mwalimu

Turudi kwa wale wanafunzi wawili. Wa kwanza alikuwa na haki kuhusu milio, kona na miali ya rangi. Wa pili alikuwa na haki kwamba silaha za angani si ndoto: mzinga, leza na kombora zote zinakubaliwa na fizikia, na baadhi zimekwisha kutumika. Lakini wote wawili walipitwa na swali kubwa zaidi. Fizikia inaruhusu silaha hizo, ila haimruhusu mshindi kurudi nyumbani kupitia anga safi. Uwanja wa mapambano haya ni njia ambayo wote huipita, na anayeivunja huivunja pia mbele ya miguu yake mwenyewe.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Rubani anaweza kustahimili mchapuko wa mara 5 ya uvutano wa dunia. Akiwa na kasi ya kilometa 8 kwa sekunde, nusu kipenyo kidogo kabisa cha kona yake ni kilometa ngapi?

2. Kioo cha leza kikiongezwa kipenyo kutoka meta 1 hadi meta 4, doa lake kwa umbali wa kilometa 1,000 litakuwaje? Ukali wake utaongezeka mara ngapi?

3. Chagua tukio moja la vita katika sinema au hadithi uijuayo. Taja kanuni inayovunjwa, kisha liandike upya tukio hilo bila kuivunja na bila kupoteza msisimko wake.

4. Mada ya mdahalo: "Nchi isiyo na silaha za angani haina haja ya kushughulikia mikataba ya anga za juu."